Mwanamke Aliyekimbia Upande Usiofaa

Kuna watu duniani ambao kazi yao ni kukaa mbele ya runinga wakisimamisha picha, wakiirudisha nyuma na kuisimamisha tena, wakitafuta mahali waigizaji walipokosea. Wakipata, hukimbilia mtandaoni kuandika. Kapteni amevaa saa ilhali sayari hii haijui saa. Angani kuna majua mawili lakini kila mtu ana kivuli kimoja. Ndege mkubwa anapita nyuma ya chombo, na tumeambiwa hapa hapaishi ndege. Siku nyingine ningewaona kama watoto wazee wasiomdhuru mtu. Sasa nawachukia, na sioni haya kusema hivyo.

Chuki hiyo ilianza nikiwa nyumbani kwangu Kisumu, nimekaa sakafuni, nimezungukwa na nguo za mama. Tulikuwa tumemzika si muda mrefu uliopita na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kugawa vitu vyake. Leso zake zilikuwa zimefuliwa lakini hazikukubali kuachana na harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, na moshi wa kuni. Nilikuwa nimezika pua humo, nikilia vizuri tu, simu ilipolia. Akinyi, binti wa dada yangu, alikuwa amenitumia ukurasa wa watu hao. Ameandika: "Aunty, si hii ni beach ya Usenge? Cheki vile huyu mathe amehepa!" Kisha msururu wa sura zinazocheka mpaka zinatoa machozi.

Ulikuwa ukurasa wa kipindi kimoja cha tamthilia ya kizungu ya watu wa anga za juu, tamthilia ambayo watu wa umri wangu mtakuwa mmeiona, maana ilirudiwa na kurudiwa mpaka tukaichoka. Katika orodha ya makosa waliandika: "Mwanamke wa kijiji anakimbia upande usiofaa, anakiacha chombo na kuingia majini. Ndara ya bluu inamtoka mguuni." Chini kabisa, penye mambo ya kufurahisha, kulikuwa na haya: "Wenyeji walioajiriwa hawakujua maigizo ni nini. Mwanamke huyu aliamini askari ni viumbe wa kweli na aliogopa kuliwa."

Kuliwa! Damu ilinichemka. Akinyi hakujua alichonitumia, kwa sababu uso wa mwanamke huyo umepakwa rangi ya kijivu na kichwa chake kimefungwa karatasi za kung'aa. Mimi ningemjua hata akiwa ndani ya gunia. Huyo ni mama yangu, na huyo ni nyanya yake Akinyi.

Ngoja niwaambie kuhusu hicho chombo cha angani, halafu mtaniambia nani angekiogopa. Kilikuwa mbao. Mbao na mabati membamba yaliyopakwa rangi ya fedha upande mmoja tu, ule wa kamera. Upande wa pili palikuwa na miti ya kukishikilia, na mbuzi wa kijiji kizima walikuwa wakilala pale mchana kwa sababu ya kivuli. Mama mwenyewe alikuwa akianika nguo kwenye ile miti. Wataalamu wa makosa wameona kitu cha kijani kikipepea pembeni mwa chombo na wamebishana sana, wengine wakidai ni bendera ya sayari. Ni sweta yangu ya shule.

Wageni hao walifika Usenge na malori, wakajenga mahema, wakatukataza kuanika omena karibu nao kwa sababu ya harufu. Hebu fikiria: unakuja kwenye ufuo wa watu, halafu unalalamika kwamba ufuo wao unanuka samaki. Mkubwa wao alivaa kofia nyekundu na hakusema na mtu yeyote bila kupiga kelele. Maneno yake yalipitia kwa Bwana Oduor, mkalimani, mwenyeji aliyekuwa amekaa Nairobi mpaka Dholuo yake, lugha ya kwetu, ikawa imekonda. Hawa ndio watu wanaosema mama yangu hakujua maigizo.

Lakini kabla ya siku yenyewe lazima nimtaje Okoth. Okoth alikuwa kijana wa Luanda Kotieno aliyekuwa akimposa dada yangu Atieno. Wazee walikuwa wameshaketi, mambo yalikuwa yamefika pazuri. Mimi nilikuwa mdogo, darasa la pili au la tatu, na nilikuwa nimeona jambo ambalo nilidhani nimeliona peke yangu: mama alikuwa akimchukia Okoth. Akitokea kwenye njia ya kuja kwetu, mama alitoka kwa mlango wa jikoni. Chakula chake kilipelekwa na watu wengine. Wakisalimiana ilikuwa kwa mbali, mama akiangalia boma na Okoth akiangalia viatu vyake. Hawakupeana mkono hata mara moja. Siku moja walikutana ghafla kwenye njia ya mtoni, na Okoth aliruka kichakani na mzigo wake wote kana kwamba ameona chatu.

Hakuna mtu aliyenieleza kwamba kwetu ndivyo mama mkwe na mkwe wake wanavyoishi, na kwamba kadiri wanavyopishana mbali ndivyo kila mtu anavyosifu malezi yao. Vitu kama hivyo watoto hawaambiwi, wanatakiwa wavinuse wenyewe. Mimi nilinusa vibaya. Nikaamua kwamba kama mama anamchukia, basi nami nitamchukia kwa niaba yake, na nilikuwa na kipaji. Nilitia mchanga kwenye chai yake. Nilimwambia Atieno kwamba masikio yake hayalingani. Mtu mwenyewe alikuwa mpole hata akainywa ile chai.

Mama alikuwa amekataa kazi ya wageni tangu mwanzo. Alisema ana omena za kugeuza. Lakini asubuhi ya siku ile mwanamke mmoja aliamka na malaria, na wenzake wakaja kumbembeleza mama ajaze nafasi. Akakubali, akapakwa ule udongo wa kijivu, akafungwa karatasi. Wanawake walichekana mpaka wakashikana mabega. "Nyasaye wangu," alisema mmoja, "mzee wangu akiniona hivi atadai arudishiwe ng'ombe zake zote za mahari!" Mama ndiye aliyecheka kuwapita wote.

Askari wa angani walikuwa vijana walioletwa kutoka fuo nyingine. Walivalishwa kwenye hema la mbali, wakatoka tayari na kofia za plastiki zilizofunika uso wote na glavu nene za mpira zilizofika viwikoni, bunduki za mbao begani. Sisi watoto tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, tukaonywa kwamba atakayekohoa atafukuzwa. Bwana Oduor akatafsiri maagizo. Kila askari amchukue mwanamke mmoja, amshike mkono, amvute mpaka kwenye chombo. Wanawake walie kidogo. Mwenye kofia nyekundu akapiga kelele yake, na wakaanza.

Wengine walivutwa vizuri sana. Askari wa mama alimwendea, akainama kidogo kama mtu anayetaka kunong'ona, akanyoosha mkono. Mama akapiga ukemi, "Uwi!", ukemi wa msiba kabisa, akageuka na kukimbia. Hakukimbilia chombo. Alikimbilia ziwa, ndara ikamtoka, akaingia mpaka maji yakamfika kifuani, akasimama huko akiwa amewapa mgongo watu wote, amejivuta zile karatasi juu ya kichwa.

Kicheko kilianza kwa wageni kikaenea mpaka kwetu. Mwenye kofia nyekundu alitaka warudie. Bwana Oduor akaenda mpaka maji yanapoishia, akiinua suruali yake nzuri.

"Mama, shida ni gani? Hawa watu wanangoja."

Mama hakugeuka. Alisema neno moja tu: "Aluore."

"Anasema ameogopa hiyo kitu," Bwana Oduor aliwatangazia watu kwa Kiswahili, kisha akawaambia wageni kwa Kizungu chake, kwa mkono akionyesha askari na kofia yake ya plastiki. "Mama, hii ni plastiki tu! Haiwezi kukukula!"

Wacheni niwaambie jambo ambalo mkalimani yule alipaswa kulijua kabla hajalipwa hata soda. Neno lile la Dholuo lina pande mbili. Linasema namwogopa, na linasema namheshimu, kama vile Kiswahili kinavyosema kumcha Mungu na hakuna anayedhani Mungu anakaribia kukuuma. Mama alisema: namheshimu. Oduor akachukua upande mwepesi, akawapa wazungu, na wazungu wakaondoka nao mpaka leo.

Nami nilisikia upande huohuo, lakini nilikuwa na sababu. Askari yule alikuwa amevua kofia, watu wazima wote wakiwa wamegeukia ziwa. Alikuwa Okoth. Alisimama kidogo akiangalia glavu zake, kisha akatembea kuelekea upande mwingine, akapita nyuma ya chombo na kuketi chini kati ya mbuzi, kichwa mikononi. Katika akili yangu mambo yote yalipangika vizuri. Mtu huyu alikuwa ameshakuja kumchukua dada yangu. Sasa alikuwa amerudi na bunduki kumchukua mama. Niliokota jiwe, nikamfuata, nikamtupia. Lilimpata mgongoni kwa sauti ya ngoma. Hakugeuka kuangalia ni nani, na nilifurahi sana.

Nilipomweleza Atieno nyumbani kwamba Okoth alitaka kumteka mama, nilipata kofi ambalo sikio langu halijasahau. "Usiseme hivyo tena," aliniambia. "Hujaona kitu. Hata mtu akikuuliza, hakukuwa na Okoth huko."

Wale wanawake wengine walipewa soda na mkate. Mama alifukuzwa na mavazi yakiwa bado yanatiririka maji. Baada ya hapo Usenge hawakumpa nafasi ya kupumua. Akifika sokoni mtu angeita, "Mama, kimbia, plastiki inakuja!" Wanunuzi wa samaki waliotoka mbali waliambiwa hadithi yake kabla hawajaambiwa bei. Shuleni niliitwa mtoto wa Plastiki, nikapigana mpaka mwalimu akanichoka. Mama alikuwa akicheka nao. Angeweza kuwanyamazisha kwa sentensi moja, na hakuisema, na mimi nilikaribia kupasuka.

Alinieleza baadaye sana, nilipokuwa nikijiandaa kuolewa mwenyewe, tukiwa tunachambua omena.

"Mimi nilisikia sauti," alisema. "Aliniambia, mama pole, sitakuvuta kwa nguvu. Nikajua huyo ni mkwe wangu."

"Si ungewaambia? Wamekucheka miaka hii yote!"

"Niwaambie nini? Niseme mkwe wangu alitaka kunishika mkono mbele ya wazungu na watoto? Atieno angekaa wapi kwa hiyo boma? Wacha wacheke. Kicheko inaisha." Kisha akapuliza magamba kwenye ungo na kuniambia niangalie mikono yangu, nilikuwa nachanganya nzuri na mbaya.

Haikuisha, mama. Ndiyo hii imenifuata hadi kwenye nguo zako.

Niliamua kusahihisha. Nilijiandikisha kwenye ukurasa wao, nikaandika kwa adabu, Kizungu changu chote kizuri: huyu ni mama yangu, hakuogopa chochote, alikuwa akimheshimu mkwe wake, neno lenu limetafsiriwa vibaya. Kabla chai yangu haijapoa walikuwa wamefuta. Mtu anayejiita kwa jina la roboti alinijibu kwamba hakuna chanzo cha kuaminika, na kwamba habari ya uoga ilisimuliwa na mwongozaji mwenyewe. Mimi niliyetoka tumboni mwake si chanzo. Yule wa kofia nyekundu, ambaye hakujua hata jina lake, ndiye chanzo. Niliandika tena, safari hii bila adabu, wakanifungia nje.

Alibaki shahidi mmoja duniani. Nilisafiri mpaka Luanda Kotieno nikiwa na simu iliyojaa chaji, nimeazimia kurekodi sauti ya Okoth na kuwarushia usoni.

Sasa Okoth ni mzee wa kanisa mwenye mvi, anatengeneza injini za maboti. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, mikono ina grisi, dada yangu yuko jikoni anakaanga samaki. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akisugua kipande cha chuma ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Shemeji," alisema mwishowe, "hiyo maneno wachana nayo."

"Niwachane nayo? Mama ametukanwa dunia nzima, Okoth! Amefanywa mshamba aliyekimbia plastiki, na alikukimbia wewe! Alimeza yote hiyo kwa ajili yako! Na wewe huwezi kufungua mdomo dakika moja?"

Sitaficha, nilikuwa napaza sauti. Chuki yangu ya utotoni ilikuwa imerudi na mchanga wake wote. Okoth aliangalia jikoni, akahakikisha dada yangu hajatoka, akasogeza kiti.

"Nikisema kwa hiyo simu, wataniuliza kama nilimshika."

"Si useme hukumshika!"

"Sijui." Alinionyesha mkono wake wa kulia, wazi, kama mtu anayeonyesha kidonda. "Ile glavu ilikuwa nzito, shemeji. Ndani ya hiyo kitu huwezi kujua umeshika mtu ama umeshika upepo. Nilisema pole, akapiga nduru akageuka, ndio nikamjua, lakini mkono ilikuwa imeshaenda. Sikuwahi kujua. Na mama ningemuulizaje? Mtu anauliza mama mkwe wake hivyo?"

Niliiweka simu mapajani.

"Unakumbuka wale watoto wawili," alisema. "Wa kabla ya Akinyi."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimekuja kwenye mazishi yote mawili, nikimshika Atieno upande mmoja.

"Watu walisema ni chira. Kwamba kuna mwiko mmoja wetu amevunja. Dada yako alilia akisema yeye hajavunja kitu. Na ni ukweli, hakuvunja. Mimi nilikuwa nimesimama hapo nashika jembe, najua ni hii mkono. Naomba kanisani kila Jumapili, lakini najua ni hii mkono."

Niliinama juu ya simu kwa sababu sikujua niangalie wapi. Ukurasa ule ulikuwa bado wazi. Kuandika walinikataza, kusoma hapana. Tangu ugomvi wangu nao walikuwa wamemrudia mama na kumbishania kama fisi. Mmoja wao alikuwa ameikata ile sehemu picha moja moja na kuipanga chini, ili kuthibitisha jinsi kazi ilivyofanywa ovyo. Nilianza kusoma kwa sauti, kwa Kiswahili, ili Okoth asikie ni watu wa aina gani.

"'Kosa la wazi la uhariri. Mkono wa askari haumfikii mwanamke. Katika kila picha mwanga unaonekana kati ya vidole vya askari na mkono wake. Anakimbia kabla hajaguswa. Sehemu hii ingekatwa.'"

Okoth alikuwa ameacha kusugua chuma.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena, polepole. Nikakuza picha kwa vidole na kumnyooshea simu. Aligeuza uso upande, akaangalia ua wa nyumba yake, vile alivyokuwa akiangalia viatu vyake nyumbani kwetu.

"Mama yuko hapo?" aliuliza.

"Yuko."

Alipangusa mkono kwenye suruali. Kisha akaleta kidole gumba bila kuangalia, nikakiongoza mimi, akafunika uso wa mama mpaka hakuna kilichobaki cha kumvunjia heshima. Hapo ndipo alipogeuka na kuinama. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Hii nyeupe hapa katikati ni nini?"

"Ni ziwa," nikamwambia. "Ni maji yanaonekana kati yenu."

"Na hii ingine?"

"Ni maji. Zote ni maji, shemeji. Angalia zote."

Aliziangalia zote, moja baada ya nyingine, kidole gumba kikihama na uso wa mama kila mara. Kisha akainua kichwa na kuita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama Akinyi! Atieno! Kuja hapa."

"Samaki itaungua!" dada yangu alijibu kutoka jikoni.

"Wacha iungue," alisema Okoth. "Kuja."